Chupa Zilikuwa Safi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkurugenzi wa maabara, wafanyakazi wenzangu, wanafunzi, na wewe Mama Chupa, ambaye hata katika sherehe ya kustaafu kwako umepangiwa kiti cha nyuma karibu na mlango: hamjambo.

Nimeombwa niseme maneno matamu. Sinayo. Nimejaa hasira, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Wageni wetu, hapa tunakuza mwani wa kijani, viumbe vidogo visivyoonekana kwa jicho tupu. Miaka tisa iliyopita kipimo chetu kilianza kuonyesha gesi ya nitriki oksidi, ambayo hatukuitia wala kuitarajia, ndani ya chupa za mwani. Sisi wasomi tulifanya nini? Tulibadilisha mipira ya kupitishia hewa, tukamsumbua fundi wa kipimo, na tulipoishiwa watu wa kulaumu tukamgeukia anayeosha chupa. Akaandikiwa barua ya onyo: uzembe na uchafu.

Mama huyu hakubishana. Aliosha chupa kumi kwa maji yale yale, akatia mwani ule ule. Tano akazilisha nitrati, chakula tulichozoea kuupa mwani, tano akazilisha amonia. Siku ya tatu akaniita, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, uchafu wangu unachagua chupa?"

Za nitrati zilitoa gesi. Za amonia, kimya. Akachemsha chupa moja ya nitrati mpaka mwani ukafa, na gesi ikakoma. Kumbe mwani wenyewe ndio uliokuwa ukiitengeneza, kutokana na chakula tulichoupa sisi.

Habari hiyo tulizunguka nayo mikutanoni, tukapigiwa makofi, tukapandishwa vyeo. Yeye akabaki na sinki lake. Je, kuna aliyekumbuka kufungua jalada lake? Mimi, msimamizi wake, nilidhani barua ya onyo ilishafutwa, na sikujisumbua kuuliza. Jana nimelifungua. Barua bado imo, na kwa ajili yake mama huyu anastaafu na cheo kile kile alichoajiriwa nacho. Ina saini mbili: yangu na ya Mkurugenzi.

Ndugu Mkurugenzi, usiinamie simu. Nimeandika barua nyingine ya kuifuta hiyo na kumpa cheo chake, leo, akiwa bado mfanyakazi wetu. Mimi nimeshatia saini. Kalamu hii hapa.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu. Keki isikatwe kwanza. Nasimama hapa hapa mpaka Mkurugenzi aje mbele.