Mikia katika Damu ya Bi Kiza

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtaalamu mkuu wa maabara yetu anastaafu. Nimekaa naye meza moja muda mrefu, na nilikusudia kuandika vichekesho vyake tu. Lakini yaliyotokea mwaka huu yalitushtua sote.

Wengi mnamfahamu kwa jina la Bi Kiza. Kazi yake ni kupima kama DNA ndani ya seli moja moja imekatika. Seli za damu huchanganywa na jeli, zikatandazwa juu ya kioo, zikamenywa utando wa nje kwa dawa, kisha zikapitishiwa umeme. Seli nzima hubaki duara; iliyoharibika hukokota mkia, kwa sababu vipande vilivyokatika hukimbilia upande mmoja. Mwanga mkali nao hukata DNA, kwa hiyo kazi yote hufanyika katika nusu giza, na ole wake anayegusa swichi. Nimemwona mkurugenzi mzima akitimuliwa mlangoni. Mumewe, ambaye ni fundi umeme, hulalamika kwamba yeye anashinda akiwawekea watu taa na mkewe anashinda akizizima.

Alianza enzi za kupima mikia kwa rula juu ya picha, na ndiye aliyetufundisha sote kuipima kwa kompyuta. Wapo wafanyakazi wa viwandani walioondolewa kwenye sumu mapema kwa sababu ya majibu yake. Tena alikuwa na desturi yake: kila kundi la sampuli lilipimwa pamoja na tone la damu yake mwenyewe, kama mfano wa mtu mwenye afya. Tulimtania kwamba damu yake ndiyo rula ya maabara.

Mwezi wa pili seli zake zilitoka na mikia. Hakuna aliyepata wasiwasi. Tulidhani, naye akiwa wa kwanza, kuna mtu aliyewasha taa. Alitugombeza wote bila kubagua. Akabadilisha dawa, akabadilisha jeli, mikia ikazidi. Mwishowe akamwita mumewe, aliyekuwa akimsubiri nje, akamtoa yeye damu ya kulinganisha. Mzee alikunja shati huku akiuliza kama katika kiza hicho mshipa utaonekana. Seli zake zilitoka duara tupu. Za mkewe, zilizopimwa sambamba na zake, zilikuwa mikia mitupu.

Bi Kiza alikaa, akasema kwa sauti ndogo kwamba basi taa haina kosa. Mumewe akauliza maana yake nini, naye akamwonyesha vioo vyote viwili: ubovu uko ndani ya damu yake.

Kesho yake mafundi walipanda darini kutafuta sumu ilikotoka. Bomba la kutolea nje mvuke wa kemikali lilikuwa limechomolewa wakati paa likitengenezwa, na halikurudishwa. Mvuke usio na harufu ulikuwa ukishuka palepale anapokaa Bi Kiza. Tulipimwa sote, na mimi jirani yake nilikutwa na mikia. Asingekuwa na desturi ile, tungeendelea kuvuta sumu huku tukitaniana.

Chumba kilifungwa, tukahamishwa. Daktari alisema mwili hujirekebisha, ila hakuahidi kitu. Mikia yangu ilipotea. Ya Bi Kiza ilibaki, naye akakataa kuaga kabla ya kujua hatima yake. Wiki iliyopita aliandaa kioo chake mwenyewe, kisha akashindwa kukiangalia. Akamwachia mumewe hadubini. Mzee alitazama weee, halafu akaomba radhi kwamba labda hajui kuitumia, maana anaona viduara tu.

Bi Kiza alisogea, akahakikisha. Kisha akanyoosha mkono, akawasha taa. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kioo kikiwa mezani.

Bi Kiza, asante kwa kutugombeza na asante kwa kutuokoa. Tunakuombea mapumziko marefu na mwili wenye afya. Na huko nyumbani, dada yetu, mwachie mzee taa zake ziwake.