Mwalimu Magdalena Alois Banzi na Maanguko Aliyotuficha

Baba Paroko, wazee wa ukoo, walimu waliofundisha na marehemu, majirani wa Nyandira na ninyi nyote mliopanda mlima kuja kutushika mkono, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, Asalaam aleikum. Mimi ni Faraja, mtoto wa pili wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia ya mama yetu, na nimeiandika kama ilivyokuwa, pamoja na sehemu ambazo kaka yangu Innocent aliniomba niziruke.

Marehemu Magdalena Alois Banzi alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Nyandira, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa mzee Alois Banzi na mama Tekla, akakulia kwenye ardhi hii ya ukoo wa bibi yetu, ambayo kwa desturi yetu Waluguru hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Alianza masomo mwaka 1959 katika shule ya misheni, akamaliza darasa la nane mwaka 1966, na mwaka 1968 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1969.

Kazi aliianza Januari 1970 huko Gairo, mahali ambapo, alivyozoea kutusimulia, upepo ulimpokonya kitambaa cha kichwa siku ya kwanza na watoto wakamkimbilia nacho hadi ofisi ya mwalimu mkuu, na tangu hapo hakuna aliyemwogopa. Mwaka 1981 alihamishiwa Mlali, akafundisha hisabati hapo miaka thelathini, akastaafu Machi 2011. Wapo hapa watu wazima wenye mvi ambao hadi leo wakikosea kuhesabu chenji hugeuka nyuma kuangalia kama Mwalimu yupo.

Tarehe 26 Oktoba 1974 alifunga ndoa takatifu na marehemu baba yetu, Simon Mloka, aliyekuwa bwana shamba, na Mungu akawajalia watoto watatu, Innocent aliyezaliwa mwaka 1976, mimi mwaka 1979, na Glory mwaka 1984. Baba alitangulia mwaka 2009, na mama alipostaafu alikataa kabisa kubaki bondeni Mlali, akarudi huku juu kwenye nyumba ya mama yake, akapanda njegere na karoti kwenye matuta, akafuga mbuzi wawili wa maziwa.

Sasa nafika kwenye ugonjwa.

Mama aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2008, akatumia vidonge miaka kumi, na mwaka 2018 akaanza kujichoma sindano za insulini, jambo alilolifanya kwa saa na kwa daftari, kama alivyofanya mambo yake yote. Tarehe 11 Juni 2019 aliteleza kwenye tuta la karoti, akaanguka kwa mkono, na kifundo cha mkono kikavunjika kama kijiti kikavu, ingawa tuta lenyewe halikufika magotini. Tulishangaa, lakini daktari wa mjini Morogoro, Dokta Rehema, hakushangaa, akatukalisha sisi watoto watatu akasema, "Kisukari cha miaka mingi kinakula nguvu ya mfupa polepole, hata pale ambapo kwenye picha mfupa unaonekana mzima. Na miguu yake imeanza kufa ganzi, na sukari ikishuka ghafla atapata kizunguzungu. Kwa hiyo ataanguka kwa urahisi, na akianguka atavunjika kwa urahisi. Mtu wa namna hii hatishwi, analindwa."

Sisi tulisikia maneno yote isipokuwa hilo la mwisho. Siku ile ile, tukiwa stendi ya Msamvu tunasubiri naye gari la kurudi, mimi nilimwambia mama yangu, mbele ya abiria, "Mama, ukianguka tena mara moja tu, tunafunga ile nyumba na unakuja kuishi mjini." Nilisema kwa hofu, lakini yeye alisikia hukumu, akaitikia, "Sawa, mwanangu," akatazama pembeni.

Kuanzia siku hiyo mama hakuanguka tena. Ndivyo tulivyoamini kwa karibu miaka sita. Kila Jumapili tulipiga simu, tukauliza, naye akajibu kwamba yuko imara, anapalilia, anakamua. Mwaka 2023 alizungumza kwa pumzi fupi wiki nzima, akasema ni kikohozi. Haikuwa kikohozi, mama alikuwa ameanguka jikoni akavunjika mbavu mbili, akajifunga khanga kifuani, na jirani yetu Asia, aliyemwinua, aliapishwa asituambie.

Tuliyajua haya Pasaka ya mwaka huu, 2025, nilipokuja bila kutoa taarifa, nikakuta kamba ya katani imefungwa kutoka kwenye kitanda chake, ikapita sebuleni, ikatoka mlango wa nyuma hadi jikoni na kwenye banda la mbuzi, ikiwa imeng'aa kwa kushikwa. Nilisimama nikiishika ile kamba, nikaelewa kwamba mama yangu alikuwa akitembea ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mtu anayevuka mto uliofurika. Nikamuuliza ameanguka mara ngapi. Akasema, "Nane." Kisha nikaliona daftari, kurasa za sindano zikiwa na mapengo, siku tatu, siku tano, akanieleza kwamba sindano ikimshusha sukari miguu inamwishia nguvu, kwa hiyo alionelea bora sukari ipande kuliko yeye aanguke. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda asichokihisi.

Nilimuuliza, huku nalia, kwa nini hakutuambia. Mama alinijibu taratibu, kama anayemweleza mtoto hesabu rahisi, "Faraja, kuanguka nilikuogopa. Lakini ninyi niliwaogopa zaidi."

Hatukumhamisha. Dokta Rehema alimpunguzia dozi, akampangia na saa za kula, kidonda kikapona, Asia akawa anapita asubuhi na jioni, na Innocent akajenga vishikio vya mbao kila ukuta. Miezi minne mama aliishi bila kutudanganya. Kila simu iliyoita kutoka Nyandira nilikuwa naiangalia kwanza, nahesabu hadi tatu, ndipo napokea.

Jumanne ya tarehe 2 Septemba 2025, saa moja asubuhi, simu iliita, alikuwa Asia, akasema neno moja, "Nyonga." Mama alikuwa amesimama wima mlangoni, hakuteleza wala hakujikwaa, aligeuka tu kumwitikia mtu aliyemwamkia shikamoo, na mfupa ukakatika. Vijana wa hapa walimbeba kwa machela hadi barabarani, naye njia nzima aliwaomba wasikimbie. Upasuaji ulisubiri siku saba hadi sukari itulie, ukafanyika salama tarehe 9, lakini kwa kulala muda mrefu mapafu yake yalishambuliwa na nimonia, na Jumapili ya tarehe 21 Septemba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka 74, mama alifariki, mkono wake ukiwa mikononi mwa Glory. Ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, hasa Dokta Rehema, nawashukuru walimu wa Mlali, wanajumuiya, vijana wa machela, na Asia, ambaye amekuja kuniomba msamaha kwa siri aliyoitunza. Dada Asia, wewe ulimwinua mara nane, sisi ndio tunaokuomba msamaha.

Nilipaswa kuishia hapo, lakini karatasi ina sentensi nyingine ambazo ndugu zangu hawajazisoma. Mimi nina kisukari, huu ni mwaka wa nne. Mwezi wa saba nilianguka bafuni, nikavunjika kidole cha mkono, nikawaambia kazini kwamba nimebanwa na mlango wa gari, na nyumbani nikasema hivyo hivyo, kwa sababu niliiona mapema sura ambayo wanangu wangenitazama nayo. Innocent, Glory, mnisamehe kwa kuwaambia mbele za watu, nimehofia kwamba tukisharudi ndani nitanyamaza.

Mwalimu Magdalena, mama yetu, Mungu akupokee, nawe upumzike kwa amani yake.