Shigeo Inagaki na Habari ya Kwao

Marehemu Shigeo Inagaki alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Iwane, mkoa wa Niigata, mtoto wa kwanza wa mzee Tamotsu na mama Fusa. Samaki wakiletwa wamefungwa kwa gazeti, alilinyoosha lile gazeti akamsomea bibi yake kila kitu, hata matangazo ya dawa za mba. Bibi akawa anawaambia majirani kuwa mtoto huyu ananuka samaki kwa sababu ya elimu.

Alisoma Iwane, kisha chuo kikuu Tokyo, na mwaka 1974 akaajiriwa na gazeti kubwa la huko. Mwaka 1979 alifunga ndoa na Bi. Mitsue, wakajaliwa binti, Sanae. Kazini alipanda hadi kuwa mhariri anayeamua habari zipi za siasa za mikoani zisomwe nchi nzima, na zipi zibaki kwenye ukurasa wa mkoa, unaochapwa kwa ajili ya wenyeji tu. Alikuwa mgumu huyo! Kila mwandishi aliyemletea habari, yeye alimuuliza itamhusu nini mtu wa Okinawa, kule visiwani kusini kabisa.

Mei 2008 mwandishi wa Niigata, Bi. Hamasaki, alimpigia simu. Meya alikuwa ameruhusu malori ya Tokyo yamwage udongo uliochimbuliwa kwenye ujenzi mlimani juu ya Iwane, na madiwani walikuwa wamelipitisha jambo hilo kwa siri.

"Mkuu, ikibaki ya mkoa, meya ataikalia. Wakubwa wa Tokyo wakiisoma watashtuka."

"Huko ni kwetu, Hamasaki. Watasema nawabeba ndugu zangu."

Pale gazetini ilikuwa mwiko mtu kuipandisha habari ya kijiji chake, na marehemu aliushika mwiko huo kuliko wote. Habari ikabaki ya mkoa. Watu wa Iwane waliisoma, lakini wao walikuwa wanajua tayari.

Tarehe 19 Julai 2010 mvua iliuporomosha ule udongo. Walikufa watu kumi na mmoja, akiwemo Kinue, mke wa Yoshiaki, mdogo wa marehemu. Kesho yake Iwane ilikuwa ukurasa wa kwanza nchi nzima, na kichwa cha habari alikiandika marehemu mwenyewe. Mwaka huohuo aliacha kazi. Yoshiaki hakumsemesha kwa miaka tisa. Tusifichane, iliuma, na hadi leo inauma.

Februari 2019 marehemu aligundulika ana saratani ya kongosho. Oktoba, Yoshiaki alikwenda hospitali, akaketi, akaanza kumenya pea.

"Kaka, kingekuwa kijiji cha watu wengine, ungeipeleka mbele ile habari?"

"Ningeipeleka," alijibu marehemu. "Siku ileile."

Yoshiaki alimlisha lile pea lote, kipande kwa kipande.

Alifariki tarehe 3 Novemba 2019. Ameacha mjane, binti, mjukuu mmoja na mdogo wake. Majivu yake yanaingia leo katika kaburi la ukoo hapa Iwane, alimo Kinue. Yoshiaki ndiye aliyesema aletwe humu.

Kinue, mpokee shemeji yako. Apumzike kwa amani, nawe pia.