Ndugu Kahigwa na Mwito wa Zamani

Tarehe 30 Juni 1978 Ndugu Ponsian Kahigwa anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba mbele ya redio ya kituo chetu cha vyombo vya ziwani. Wanaomfahamu wanajua kustaafu kutampa taabu: hata akiwa likizo alipita dirishani kuuliza nani ameita na kama amejibiwa.

Alizaliwa Bukoba, kazi ikamleta Mwanza, na mfukoni hakukosa kahawa ya kutafuna. Kila aliyeingia zamu alipewa punje mbili, apende asipende. Manahodha wa boti za vijiji karibu wote walijifunza redio kwake. Mwito aliowafundisha ulikuwa mfupi: jina la boti, kisha shida.

Oktoba 1974 ukaja mwongozo mpya kutoka makao makuu. Chombo kianze na namba ya usajili, kitaje mahali kilipo na idadi ya watu, ndipo kieleze shida. Mwito usio na namba usijibiwe. Ulikuwa mwongozo mzuri, ila nakala zake hazikufika vijijini. Ndugu Kahigwa akaenda Mwaloni, Kirumba, boti za vijiji zinakotia nanga, akaandika namba za boti zote kwenye daftari. Tangu hapo, boti ikiita kizamani aliijibu, akauliza yaliyobaki, akatafuta namba mwenyewe, na taarifa akaiandika kwa mpangilio mpya bila kukosea safu hata moja. Makao makuu walipata walichoagiza, na manahodha hawakujua kama kuna kilichobadilika.

Mimi, msaidizi wake, niliogopa sana. Miezi mitano nilishtuka kila mlango ulipofunguliwa, nikituona sote wawili tumefukuzwa kazi.

Machi 1975 akafika mkaguzi, Ndugu Mihayo, mchana wa upepo mkali. Alikaa katikati yetu, mwongozo ukiwa wazi magotini. Mara tukamsikia nahodha Shimba: "Hapa Tumaini. Maji yanaingia." Namba hakutaja. Mkaguzi akaweka kidole kwenye kifungu cha kutojibu. Naona aibu kusema kwamba mkono wangu ulikuwa tayari unakwenda kwenye kitufe cha kupunguza sauti.

Ndugu Kahigwa akaijibu Tumaini, kisha akamgeukia mkaguzi. "Ndugu, kuita hivi nimewafundisha mimi. Nisipowajibu, wamwite nani?"

Watu kumi na tisa walitolewa majini wakiwa hai. Taarifa aliyokabidhiwa mkaguzi ilianza na namba ya usajili, kama mwongozo ulivyotaka. Mwaka huohuo kikaongezwa kifungu: mwito wa zamani ujibiwe kwanza, namba ijazwe kituoni.

Jambo moja halijawahi kusemwa hapa. Mkaguzi hakuja kwa bahati. Aliitwa kwa barua isiyo na jina, na barua hiyo niliiandika mimi, kwa woga. Siku ile Ndugu Kahigwa aliiona kwenye jalada la mkaguzi, na mwandiko wangu anaujua. Kesho yake, kwa mara ya kwanza, aliniachia redio peke yangu.

Ahsante, Ndugu Kahigwa. Kapumzike Bukoba kwa amani na afya njema, wewe na jamaa zako. Mimi bado naogopa kila redio inapoita, lakini najibu.

Getruda Malimi