Jalila Hakujibu Salamu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu na punguzeni moto jikoni, chakula kisiungue. Leo tunamkumbuka Jalila binti Mbwana wa Mtopanga. Jalila, fundi wa koili. Na nisiwafiche, Jalila alikuwa mke wangu.

Jalila alizaliwa Likoni. Tangu mdogo alishona kofia kwa mkono, zile zenye matundu madogo madogo, kila tundu limezungushiwa uzi. Mamake, Bi Dhahabu, aliniambia juzi: "Mwanangu huyu ukimwita yuko kwenye tundu, haitiki. Uite mpaka ukauke koo. Akimaliza kuzungusha uzi ndipo utasikia, 'Abee, mama.' Nilimpiga, nikachoka."

Shikeni hilo, wasikilizaji. Jalila hakuitika mpaka amalize.

Tukaoana, tukahamia Mtopanga. Kofia zikatulisha. Halafu zikaja kofia za mashine, makontena kwa makontena. Wakubwa wakafungua mlango, mshonaji akafunga wake. Nani alituuliza? Hakuna.

Siku moja jirani yetu Justus, kijana wa bara anayefanya kazi kiwandani Changamwe, alikaa barazani kwetu na vepu yake, ile sigara ya umeme. Ndani yake mna koili, waya mwembamba uliozungushwa kama springi. Ukipata moto, ndio unaotoa moshi. Justus alikuwa anajifungia koili mwenyewe, inatoka imepindapinda.

"Wewe unafunga koili au unafunga kuni?" Jalila akamwuliza. "Lete hapa."

Akachukua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Akazungusha waya juu yake mara sita. Mizunguko sita, imelaliana sawasawa, hakuna uliompanda mwenzake. Justus akaiwasha. Ikawaka nyekundu kuanzia katikati, ikaenda pande zote mbili kwa pamoja.

"Mathe!" Justus akaruka. "Hii hata dukani hakuna!"

Mimi moshi ule siupendi, na Jalila hakuwahi kuuvuta. Mtoto wa shule akija, alimfukuza na kandambili mkononi. Lakini kazi ya mkono ni kazi ya mkono. Watu walitoka Magongo, walivuka feri kutoka Likoni, wote wanaitafuta meza ya Mama Sabah. Meza moja kando ya barabara, Mtopanga, ambapo Jalila alifunga koili na kuziuza. Meza hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yetu Sabah, kwa sababu mimi wakati ule kazi nilishaachishwa.

Basi akaja Bwana Najib wa ofisi ya vibali. Shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. "Asalaam aleikum!"

Jalila alikuwa kwenye mzunguko wa nne. Kimya.

"Asalaam aleikum, mama!"

Kimya. Bwana Najib akageuka akaenda zake. Hakungoja hata dakika moja. Wiki ile ile ikaja barua: koili zake zimefungwa vibaya, zitaunguza watu. Na meza ikabebwa kwenye lori.

Nilimwambia, "Jalila, nenda kamwombe radhi yule bwana, yaishe."

"Kwa salamu nitamwomba," akanijibu. "Kwa kazi yangu, wallahi, simwombi mtu."

Mwezi mzima tulizungushwa. Njoo kesho. Mkubwa yuko mkutanoni. Faili halionekani. Meza ya mbao kweli ni ya kuwekewa faili?

Mwishowe Bi Josephine, mkubwa wa ofisi ile, akatuita. Tukaenda mimi, Jalila, Sabah, na Justus na vepu yake. Bi Josephine akasema, "Barua inasema hujui kufunga. Haya mama, funga hapa nione."

Jalila akatoa shazia. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Najib, amechelewa.

"Asalaam aleikum!"

Ofisi nzima ikaitikia, isipokuwa mke wangu.

"Mnaona?" Bwana Najib akasema. "Ndiyo dharau yake hiyo."

Mimi nikawa nahesabu. Wa nne. Wa tano. Wa sita. Jalila akakata waya, akaweka koili mezani taratibu, akasimama.

"Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, Bwana Najib. Hiyo ni ya leo. Na ya siku ile pia waalaikum salaam, na nisamehe. Ningeacha mzunguko wa nne nikakujibu, hiyo koili ndiyo ingeunguza mtu."

Bi Josephine akacheka mpaka akavua miwani. Justus akaifunga koili kwenye vepu, akaiwasha. Nyekundu, kuanzia katikati, pande zote mbili kwa pamoja. Bwana Najib mwenyewe aliinama kutazama.

Jioni ile meza ilirudi Mtopanga. Ilirudi kwa lori lile lile! Akina mama walipiga vigelegele tangu barabarani, na Jalila amekaa juu ya meza yake kama bibi harusi.

Jalila alifariki Machi mwaka huu, kwa kiharusi. Hospitali tuliyompeleka ina mashine ya kutazama kichwa. Ilipozinduliwa, utepe ulikatwa, picha zikapigwa. Siku yetu hapakuwa na mtu wa kuiwasha. Waliokata utepe ni wazima wa afya. Mungu anawaona.

Lakini meza yake wakubwa hawakuipata.

Pole, Bi Dhahabu, mama yangu. Pole, Sabah mwanangu. Pole, Justus, uliyebeba jeneza mbele. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkimkuta mtu mikono yake imo kazini, msalimieni, kisha mngojeni. Msiende kuandika barua.

Asubuhi hii, kabla ya kuja studio, nilipita Mtopanga. Sabah yuko mezani, ameinama, shazia mkononi.

"Asalaam aleikum, mwanangu."

Kimya.

Nikasimama pale nikitabasamu peke yangu, nikimhesabia. Wa nne. Wa tano. Wa sita.

"Waalaikum salaam, baba. Shikamoo."