Dawa ya Mgongo wa Rubani

Benchi ni langu, nalisema mapema ili tusigombane mbele ya safari. Nililiunga kwa mbao za kitanda kilichokufa, nikaliweka nje ya kibanda changu cha kushona viti ili wateja wapate pa kukaa wakisubiri. Mteja hajawahi kupata nafasi. Upande wa kushoto ni wa Injinia, ambaye uhandisi wake wote ni kuipiga redio makofi mpaka iseme. Upande wa kulia ni wa Daktari; huyu hubeba maboksi kwenye duka la dawa, na kwa kuwa amezisoma karatasi zote za ndani ya maboksi, hakuna ugonjwa anaouogopa isipokuwa wake mwenyewe. Katikati yao huwekwa birika la muuza kahawa, mtu asiyesema neno mpaka likauke, na likikauka huondoka hata kama umefika penye utamu wa hadithi. Mimi hukaa kwenye kigoda. Ushonaji sikusomea popote. Kiti cha kwanza nilikipasua nikashindwa kukirudisha. Cha pili nikakirudisha. Huo ndio mtaala.

Ijumaa ile alasiri Rubani alikuja akiisukuma pikipiki yake. Jina la Rubani amelipata kwa ajili ya hiyo pikipiki: ya mbio, nyekundu, usukani chini, vikanyagio juu, mwendeshaji analala juu ya tangi kama mtu anayetafuta sindano uvunguni. Ikisimama inapendeza sana. Alikuwa ametoka kuijaribu, saa moja kwenda na saa moja kurudi, na alitembea kama aliyebebeshwa mlango.

Habari yake tulikuwa tunaijua. Wiki ya tatu sasa mkewe yuko kwa wazazi wake, kilomita mia sita kutoka hapa. Aliondoka na mkoba mmoja na maneno machache: wewe na pikipiki yako mnatoshana. Kijiwe kilishaamua kwamba huo ni wivu. Sasa baba mkwe alikuwa amepiga simu. Jumamosi, kabla ya saa saba mchana, mkwe afike mwenyewe aseme maneno yake mbele ya watu. Akichelewa, asijisumbue tena. Basi la huko hutoka saa mbili asubuhi na kufika magharibi. Kwa hiyo ilikuwa ni pikipiki hiyo, alfajiri ya kesho yake, au mke hana.

– Tatizo si kufika, alisema Rubani. Mwaka jana nilifika nimekunjika. Nikawaamkia wakwe nimeinama, wakasema kijana ana adabu. Niliposhindwa kuinuka, wakasema nimelewa.

– Na ulikuwa hujalewa? aliuliza Daktari, kwa ajili ya kumbukumbu tu.

– Hata nguvu ya kulewa sikuwa nayo.

Injinia alikuwa ameshachuchumaa kwenye usukani. Akasema ugonjwa ameuona, mikono iko chini kuliko tumbo, na dawa ni bomba: likatwe bomba la maji, lichomelewe, usukani upande mpaka kidevuni. Bomba analo nyumbani, la bafu, halina kazi siku hizi. Nilimwuliza mpira wa breki, ambao urefu wake ni ule ule, utafikaje huko kidevuni. Akasema penye nia pana njia. Nikamwambia njia itakuwepo, breki ndiyo haitakuwepo. Mimi sipendi kuzungushana. Tukainua usukani vidole vitatu kwa vipande vya chuma ambavyo Rubani alikuwa navyo mfukoni muda wote huo, akiona haya kusema.

Ikafuata miguu. Injinia alisema magoti ya mwendeshaji yamekunjwa kama ya panzi, vikanyagio vishushwe. Vyuma vya kushushia vitatoka wapi? Akafungua vikanyagio vya nyuma, akavigeuza, akavifunga mbele, chini kidogo ya vya zamani. Nakiri kwamba vilikaa vizuri. Nilichukia, lakini vilikaa.

– Umeona? alisema akijifuta mikono kwenye benchi langu. Vilikuwa vimekaa nyuma kule bure, vinaning'inia kama hereni.

Daktari akaona ataachwa. Akasema chuma si chochote, suala ni damu. Mtu akikalia kiti saa moja, damu inakata tamaa. Kwenye karatasi fulani alisoma kwamba kila baada ya saa moja ushuke, utembee, unywe maji, unyooshe kiuno, na hapo alisema kweli, kwa bahati mbaya. Angeishia hapo tungempongeza. Akaendelea kwamba Rubani avae nepi mbili za mtu mzima, moja ya kazi na moja ya mto, na suruali iloweshwe kwa maji baridi.

– Kikulacho ki nguoni mwako, alimalizia, kana kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya nepi.

– Nikashuke mbele ya wakwe nimelowa? aliuliza Rubani.

– Watajua umetoka mbali.

Injinia alipinga habari ya kushuka kila saa. Kushuka ni kuchelewa, na vituo vya mafuta vina foleni. Yeye angefunga dumu la lita kumi nyuma, haba na haba hujaza kibaba, mtu anajiwekea mafuta mwenyewe popote anapotaka. Kabla sijasema kitu alikuwa ameshalifunga kwa mipira, chini yake ule mto mdogo wa kukalia abiria umebanwa kama unaosongwa.

Sasa hapo ndipo nilipoinuka, maana wote walikuwa wanazunguka kiti na kiti ni kazi yangu. Nikawaambia watu wanakosea kwa kubonyeza kwa dole gumba. Mtu anabonyeza kiti, kinazama, anasema laini, ananunua. Baada ya nusu saa sponji imelala na yeye amekalia bati. Kiti cha safari ndefu kinatakiwa kiwe kigumu, kipana nyuma, chembamba mbele, na kisikutume kwenye tangi kila unapofunga breki. Inatakiwa sponji inayobisha. Mimi nilikuwa na sponji ya godoro tu, ambayo haibishi na mtu.

Nikalifungua dumu, nikauondoa ule mto mdogo wa nyuma, nikaupasua. Jamani. Sponji ya kiwandani, imebana, pembe zake bado kali kama sabuni ambayo haijaguswa na maji. Pikipiki ina miaka mitatu barabarani na sponji ile ilikuwa haijui uzito wa binadamu. Niliwaonyesha wote. Nilisema, na maneno yangu nayakumbuka: hii ni mali, haijawahi kukaliwa.

Nikaikata, nikaigundisha juu ya ile ya mbele, nikaichonga kwa kisu, nikavuta ngozi, nikashona. Rubani akapanda. Mgongo wake ulinyooka pale pale, mabega yakashuka, sura ikarudi ya mtu mwenye kitambulisho. Dumu likarudishwa nyuma, juu ya bati tupu. Akaanza kufanyia mazoezi hotuba yake: baba, mama, nimekuja kwa unyenyekevu. Akaisema mara tatu bila kushika kiuno.

Ushindi ukawalevya. Daktari akashauri mto ufungwe juu ya tangi, barabara ikinyooka Rubani alaze kifua na apitiwe na usingizi kidogo, dakika tano tano. Injinia akasema basi afunge kamba kwenye mkono wa mafuta, pikipiki ijiendeshe, naye awe anashuka na kupanda ikiwa inakwenda, kwa ajili ya damu. Akatoa na kamba. Nikamnyang'anya, nikaitupa juu ya paa la kibanda. Iko huko mpaka leo.

Ndipo akafika mama mmoja ambaye hatukumjua, amebeba mto wa kiti cha ofisi uliopasuka. Benchi halikuwa na nafasi, kama kawaida, akabaki amesimama. Injinia, asiyeweza kuona mgeni bila kumwelimisha, akamsimulia yote: usukani, vikanyagio, dumu, sponji, wakwe, saa saba. Mama akaizunguka pikipiki taratibu, mara moja.

– Kwa hiyo baba huyu anakwenda kumfuata mkewe, alisema.

– Ndiyo, mama, tulijibu kwa sauti moja kama darasa.

– Na akikubali kurudi, atakaa wapi?

Daktari akafungua mdomo, nikajua anatafuta karatasi ambayo haikuandikwa. Alipopata neno, lilikuwa "dumu linaweza", likaishia hapo. Mimi najisifu kwamba nasema kweli, basi kweli ni hii: nilitazama kisu changu, kilikuwa bado na vipande vya ile sponji.

Rubani hakushuka. Alipeleka mkono nyuma bila kugeuka, akapapasa, akagusa dumu, akagusa bati.

– Alipanda mara moja tu, alisema polepole. Siku ya kwanza. Akasema anakaa kama nguo iliyoanikwa. Nikamwambia hicho si kiti, ni cha kukamilisha umbo.

Muuza kahawa akatikisa birika, likalia tupu. Akakusanya vikombe, cha Daktari akakichukua mkononi mwake, akaenda zake. Kijiwe kilikuwa kimekwisha, na jua bado lipo.

– Fundi, alisema Rubani. Ile sponji itarudi?

– Irudi, wewe ukae kwenye nini?

– Kwenye hiyo ya zamani. Mimi nilishakunjika tangu mwaka jana.

– Utafika umeinama.

– Nitafika nimeinama.

Nilimwambia Injinia avifungue vile vikanyagio na avirudishe alikovitoa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alifungua kitu bila kutoa maelezo. Rubani akashuka, nami nikalishusha dumu mwenyewe na kukifungua kiti. Kisha nikakaa kwenye kigoda, nikaushika mshono wangu ambao haukuwa na saa mbili, mshono mzuri, sioni haya kuusifu, nikaupasua wote. Mgongo wa Rubani ulikuwa umeanza kujikunja akiwa bado amesimama.

Yule mama akanyoosha mto wake wa ofisi, akauliza autarajie lini.

– Keshokutwa, nilimwambia. Mbele yako kuna wa mwenzako.