Bi. Benigna Kahigi na Herufi Kumi na Tano

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Benigna Kahigi anastaafu katika Ushirika wa Kahawa Rwanyango, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, miezi mitatu na siku ishirini na saba. Siku hiyo hiyo faili lake linafungwa. Ndani yake kuna ukurasa mmoja usio wa kweli, na afadhali usemwe hapa kabla haujapelekwa masijala.

Alianza Machi 3, 1994 kama mchapaji, makao makuu Bukoba. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa hakuna aliyemfundisha. Alisoma kitabu cha maelekezo, kamusi ikiwa pembeni, na kufikia mwaka 2006 alikuwa akisimamia kompyuta 38, kuanzia Bukoba hadi Muleba.

Kwa wasioijua kazi yake: kompyuta hutafutana kwa namba, lakini sisi watu tunazitafuta kwa majina. Lazima awepo wa kulinganisha jina na namba. Enzi zile kila mashine ilikuwa na orodha yake, na namba moja ikibadilika Bi. Benigna alirekebisha orodha zote 38, mashine kwa mashine, flashi yake akiwa ameifunga kwenye leso. Katika miaka miwili namba zilibadilika mara 17. Piga hesabu: marekebisho 646. Na bado kuna aliyeuliza kikaoni huyu mama kila siku yuko barabarani anafanya nini.

Sasa ukurasa wenyewe. Juni 2008, msimu ukiwa umechanganya, kituo cha Muleba kilifungiwa kompyuta mbili mpya za mapokezi ya kahawa. Ukiwasha moja, ya pili inakataa, inasema jina lake tayari linatumika kwenye mtandao. Fundi wa mkataba, aliyejifunza kazi kwa kutengeneza redio na hana cheti hata kimoja, alibadilisha nyaya sita kwa siku kumi na moja. Wapi! Foleni ya wakulima ilifika barabara ya Biharamulo. Karani Zabibu akawa anawatangazia wasubiri kidogo, wake wenza wamenuniana tena.

Bi. Benigna alishuka kwenye basi saa nne asubuhi. Hakugusa waya. Aliuliza mashine zinaitwaje. Akajibiwa: MULEBA-MAPOKEZI1 na MULEBA-MAPOKEZI2. Mzee Lwakatare, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni, alidakia kwamba basi hizo zina majina mawili kama mapacha wa kwake, zinagombania nini? Watu wakacheka. Bi. Benigna hakucheka; alikuwa anahesabu kwa vidole. Herufi kumi na sita, kistari kikiwemo. Windows ya wakati ule, mashine zikiitana ndani ya ofisi, ilibeba kumi na tano tu. Ya mwisho ilikatwa, na ya mwisho ndiyo pekee iliyozitofautisha. Zote mbili zilikuwa zikijitambulisha kama MULEBA-MAPOKEZI. Alizipa majina mapya, MLB-MAP1 na MLB-MAP2. Dakika ishirini, foleni ikaanza kusogea.

Uongozi ulitaka fundi aondolewe wiki hiyo hiyo. Bi. Benigna akaandika taarifa ya mistari minne, ndiyo iliyomo kwenye faili lake hadi leo: utaratibu wa majina haukuwa umeandikwa, mwenye wajibu wa kuuandika ni yeye, kwa hiyo kosa ni lake. Fundi alibaki. Bi. Benigna alikaa cheo kilekile miaka tisa, na wanne walioajiriwa nyuma yake wakampita. Mwaka 2011 aliweka seva moja ya majina Bukoba, kila mashine ikawa inauliza pale, na kurekebisha mara 38 kukawa mara moja. Hata barua ya pongezi hakuandikiwa.

Ukweli ni huu. Mashine zile, siku zinapewa majina, zilitoa onyo kwenye kioo kwamba jina ni refu na litakatwa. Fundi aliliona. Hakulisoma vizuri, akabonyeza kukubali. Mara mbili. Fundi huyo ni mimi, na nimekula mkate wa ofisi hii miaka kumi na saba kwa sababu ya mistari minne ya mtu mwingine. Juni 16 nilipeleka barua ya kusahihisha faili lake, ikagongwa muhuri. Panapoandikwa aliyekosea liwekwe jina langu, Isaac Karugendo. Nimelihesabu, nafasi ya katikati ikiwemo: kumi na tano kamili. Halihitaji kukatwa.

Bi. Benigna anarudi kwenye kibanja chake Izimbya, kwenye migomba na kahawa ambayo haitamwomba jina. Kasinge waitu, asante sana mama. Kapumzike salama, na faili lako liwe safi kama ulivyotuachia majina yetu.

Isaac Karugendo
Kitengo cha Kompyuta